Kutoka Maabara hadi Ofisi ya Meya: Karne Moja ya Matetemeko California

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, ardhi ya San Francisco ilitikisika kwa takriban dakika moja, na moto uliozuka baada ya hapo ukaliunguza jiji kwa siku tatu. Majivu hayajapoa, ubishi mwingine ulikwisha kuanza: janga hili liitwe nini? Wafanyabiashara wa ardhi na majengo walikutana wakakubaliana kwamba utajwe moto mkubwa, tetemeko lisitajwe. Walikuwa na sababu zao. Moto ni ajali inayoweza kulipata jiji lolote. Chicago iliungua mwaka 1871 na ikajengwa upya. Tetemeko ni tabia ya ardhi yenyewe, na nani atapeleka mtaji wake juu ya ardhi yenye tabia hiyo? Bima nazo zililipia hasara ya moto. Kwa miongo mingi idadi ya waliokufa ilitajwa kuwa mamia kadhaa tu, hadi mtunza nyaraka wa jiji, Gladys Hansen, alipopekua kumbukumbu jina kwa jina na kufikia zaidi ya watu 3,000. Mara baada ya tetemeko, jopo la wanasayansi lililoongozwa na Andrew Lawson wa Chuo Kikuu cha California liliufuata ufa wa San Andreas kwa mamia ya kilomita na kuandika ripoti, iliyotoka mwaka 1908, ambayo wataalamu wanaisoma hadi leo. Serikali ya jimbo haikuigharimia. Fedha zilitoka Taasisi ya Carnegie ya Washington, upande wa pili wa nchi.

Kwa hiyo California ilikuwa na elimu nzuri ya matetemeko tangu mwaka 1908, na haikuwa na mahali pa kuitia. Historia ya matetemeko kwa kawaida husimuliwa kama historia ya vipimo: nani alibuni kipimo gani, nani aligundua ufa upi. Hoja yangu ni kwamba vipimo vyenyewe havikuwatoa watu kwenye hatari. Kilichowatoa ni uhusiano uliojengwa polepole, kwa makosa mengi, kati ya wanaosoma ardhi na wale wenye mamlaka juu ya shule, vibali vya ujenzi na mabomba ya maji. Kila uhusiano huo ulipokosekana, elimu ilikaa kabatini au ikageuzwa silaha ya magomvi. Ulipopatikana, hata elimu yenye upungufu iliokoa watu.

Miaka ya 1920 inatupa mfano wa magomvi. Bailey Willis, profesa wa Stanford na rais wa Chama cha Wanasayansi wa Matetemeko cha Marekani, alikuwa amechora ramani ya nyufa za California, na baada ya Santa Barbara kubomoka mwezi Juni 1925 alianza kuonya kwamba kusini mwa jimbo kungepigwa na tetemeko kubwa katika miaka michache. Nia yake ilikuwa safi: alitaka sheria za ujenzi. Lakini onyo lake lilitegemea takwimu za upimaji wa ardhi ambazo baadaye zilirekebishwa na kuonekana hazibebi uzito ule. Wamiliki wa majengo ya Los Angeles walipata mwanya. Walimgharimia mwanajiolojia mwingine, Robert T. Hill, na mwaka 1928 kikatoka kitabu kilichotangazwa kama uthibitisho kwamba jiji lao halina cha kuogopa. Raia wa kawaida aliona wasomi wawili wakivutana na akarudi kwenye shughuli zake. Willis alikuwa sahihi kuhusu majengo na alikosea kuhusu ushahidi wa tarehe, na kosa la tarehe likaizamisha hoja ya majengo. Fundisho hili lilichukua zaidi ya nusu karne kueleweka: mwanasayansi anayeweka heshima yake yote juu ya siku ya tukio amempa mpinzani wake pa kumshika.

Miaka mitano baadaye ardhi iliamua. Ijumaa, tarehe 10 Machi 1933, saa kumi na moja na dakika hamsini na nne jioni, tetemeko la ukubwa wa 6.4 liliipiga Long Beach na miji jirani. Watu wapatao 120 walikufa. Si tetemeko kubwa kwa vipimo vya California, lakini lilifichua jambo ambalo hakuna mzazi angeweza kulimeza. Shule 70 ziliharibika kabisa na nyingine 120 zikapata madhara makubwa. Zilikuwa shule za matofali zenye sura ya heshima, ukuta mnene, paa zito na mapambo mbele, na ndani ya kuta hizo hapakuwa na kitu cha kufungamanisha matofali na sakafu. Zilimwagika. Kama tetemeko lingefika saa tatu au nne mapema, madarasa yale yangekuwa na maelfu ya watoto, na kila mtu aliyepita mbele ya kifusi alilijua hilo bila kuelezwa na mtaalamu. Hapo ndipo maneno ya maabara na uchungu wa mtaani vilipokutana. Katika siku 31 bunge la jimbo lilipitisha Sheria ya Field, iliyotaka kila shule ya umma ichorwe na mhandisi mwenye sifa, michoro ikaguliwe na jimbo, na mkaguzi awepo kwenye ujenzi tangu msingi hadi paa. Mwaka huohuo Sheria ya Riley ilizilazimisha serikali za mitaa kuwa na idara ya ujenzi na kukagua majengo mapya.

Wanahistoria wengi huitukuza Sheria ya Field, na inastahili: shule zilizojengwa chini yake zimepitia matetemeko mengi na hakuna iliyowaporomokea watoto. Mimi nadhani Sheria ya Riley, isiyo na sifa nyingi, ilikuwa na athari ya kina zaidi kwa jambo tunalolizungumzia. Iliunda ofisi. Tangu hapo, katika kila mji wa California palikuwa na mtu mwenye meza, muhuri na wajibu wa kuuliza jengo litasimama vipi ardhi ikitikisika. Mwanasayansi mwenye jambo jipya la kusema alikuwa na mlango wa kubisha. Viwango vya mwanzo vilikuwa hafifu, vya nguvu ndogo sana za kusukuma jengo ubavuni, lakini kiwango hafifu chenye ofisi hurekebishika kila elimu inapoongezeka. Kiwango kizuri kisicho na ofisi hubaki maandishi.

Hata hivyo sheria zile zilitazama majengo mapya tu. Ya zamani yaliachwa, na watu waliendelea kulala ndani yake. Tarehe 9 Februari 1971 tetemeko la San Fernando liliua zaidi ya watu 60, wengi wao katika hospitali ya maveterani iliyojengwa kabla ya sheria za 1933, na likaliacha bwawa la Van Norman likiwa limemomonyoka kiasi kwamba watu 80,000 walihamishwa kwa siku kadhaa. Mwaka huo Long Beach, jiji lile lile lenye kumbukumbu yake ya 1933, likawa la kwanza kutunga kanuni ya kuyashughulikia majengo ya zamani ya matofali yasiyo na nondo. Los Angeles ilifuata mwaka 1981, kwa majengo yapatayo 8,000. Miaka kumi ya tofauti hiyo haikutokana na upungufu wa elimu. Wahandisi walijua tangu 1933 ni kuta za aina gani huanguka. Ilitokana na swali la nani alipe.

Wakati wanasiasa wa miji wakisukumana na swali hilo, wanasayansi wengi walikuwa wakitazama kwingine. Miaka ya 1970 ilijaa matumaini kwamba utabiri ulikuwa umekaribia. Mahali pa kuujaribu palichaguliwa: Parkfield, kijiji kidogo juu ya ufa wa San Andreas, ambako matetemeko ya ukubwa wa karibu 6 yalitokea mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Mpangilio ulionekana kama saa. Katikati ya miaka ya 1980 Idara ya Jiolojia ya Marekani ilitangaza kwamba jingine lingefika kabla ya mwaka 1993 kumalizika, kwa uhakika wa asilimia 95, na ardhi ya pale ikajazwa vifaa. Oktoba 1992 mtetemo mdogo uliwasha kiwango cha juu cha tahadhari, ofisi ya dharura ya jimbo ikatangaza kwamba kulikuwa na zaidi ya theluthi moja ya uwezekano wa tetemeko ndani ya saa 72. Saa 72 zikapita kimya. Mwaka 1993 ukapita pia. Tetemeko la Parkfield lilifika tarehe 28 Septemba 2004, likiwa limechelewa zaidi ya miaka kumi na bila dalili ambayo vifaa vile vingeweza kuiita onyo.

Kwa upande wa utabiri, huko kulikuwa kushindwa kukubwa. Lakini Parkfield ilizaa kitu ambacho hakikuwa lengo lake kuu. Ili onyo liweze kutolewa, wanasayansi na maofisa wa jimbo na wilaya walilazimika kukaa pamoja na kukubaliana mapema nani atampigia nani simu, maneno gani yatatumika, na raia ataambiwa afanye nini. Vijitabu vilitumwa kwa posta hadi nyumba za eneo lile, na wanasosholojia, Dennis Mileti akiwa mmoja wao, walikwenda kuuliza wenyeji walivyovipokea. Walichokipata kilibomoa imani ya zamani ya maofisa kwamba raia akiambiwa ukweli atapagawa. Hofu ya kupagawa haikuonekana. Watu walisoma, wakakihifadhi kijitabu, wakajadiliana na jirani, wakatafuta kama chanzo kingine kinasema vilevile, kisha baadhi wakachukua hatua. Maandishi yaliyoshikika mkononi yalifanya kazi kuliko tangazo lililopita hewani, na ujumbe uliorudiwa na vyombo tofauti ulifanya kazi kuliko ujumbe wa mkubwa mmoja. Baada ya tetemeko la Loma Prieta la Oktoba 1989, lililoua watu 63, maarifa hayo yalitumika mara moja: mwaka 1990 Idara ya Jiolojia ilitoa kijarida kilichoingizwa ndani ya magazeti ya Jumapili ya eneo la San Francisco, zaidi ya nakala milioni mbili, chenye tafsiri ya Kihispania na Kichina. Hakikutaja siku. Kilitaja uwezekano kwa miongo ijayo, kikaeleza nyumba ya aina gani iko hatarini na mwenye nyumba afanye nini. Willis hakuwa na kitu cha namna hiyo mkononi mwake.

Hapa kuna pingamizi zito ambalo sitalipita pembeni. Mwanasayansi akisogea karibu na serikali, je, hageuki kuwa msemaji wake? Mji wa L'Aquila, Italia, unatoa sababu ya kuuliza. Mwishoni mwa Machi 2009, mitetemo midogo ikiwa imewatia wakazi wasiwasi kwa miezi, wataalamu waliitwa kwenye kikao pale na ofisa wa ulinzi wa raia akawahakikishia watu kupitia vyombo vya habari kwamba hali ilikuwa njema. Tarehe 6 Aprili tetemeko la ukubwa wa 6.3 liliua watu 309. Mwaka 2012 wanasayansi sita na ofisa huyo walihukumiwa kifungo cha miaka sita kila mmoja. Mwaka 2014 mahakama ya rufani iliwaachia wanasayansi na kumpunguzia ofisa adhabu. Wengi waliandika kwamba sayansi ilishtakiwa kwa kushindwa kutabiri. Nadhani hilo linazikosea familia za waliokufa. Malalamiko yao yalikuwa kwamba walitulizwa, kwamba desturi ya wazee wao ya kutoka nje ardhi inapotikisika usiku iliachwa kwa sababu ya neno la mtaalamu. Ukaribu uliokuwepo L'Aquila ulikuwa wa siku moja, ulioitishwa kwa shida ya siku moja, na waliokaa mezani hawakuwa wamekubaliana nani atasema nini akitoka nje. Hatari ya mwanasayansi kutumiwa haiondoki kwa kukaa mbali. Hupungua pale uhusiano unapokuwa wa miaka, wa hadharani, na mipaka ya kazi ya kila upande inapojulikana: huyu anaeleza kitakachotokea ardhi ikipasuka, yule aliyechaguliwa anaamua jamii ibebe hatari ipi na ilipe ipi.

Kusini mwa California mipaka hiyo ilichorwa vizuri zaidi mwaka 2008. Lucy Jones, mwanasayansi wa matetemeko wa Idara ya Jiolojia, aliongoza wataalamu zaidi ya 300, wakiwemo wahandisi, wachumi na wazima moto, kuandika simulizi ya tetemeko ambalo halijatokea. Liliitwa ShakeOut: ukubwa wa 7.8, ufa wa San Andreas ukipasuka kutoka ziwa Salton kuelekea kaskazini magharibi. Waliacha kuuliza lini, wakauliza litakuwaje. Majibu yalikuwa ya kina: vifo takriban 1,800, majeruhi 50,000, hasara ya dola bilioni 213, mioto takriban 1,600, na mifereji mikubwa ya maji inayouvuka ufa ikikatika kwa miezi. Meneja wa maji wa wilaya hawezi kufanya lolote na asilimia ya uwezekano kwa miaka 30. Akiambiwa bomba fulani litakatika mahali fulani na ukarabati utachukua miezi mingi, ana la kupangia bajeti. Tarehe 13 Novemba mwaka huo watu milioni 5.4, wengi wao wanafunzi, walifanya zoezi la pamoja la kuinama, kujifunika na kushikilia. Wapo wanaosema mazoezi ya namna hii ni maonyesho, kwamba mtoto kujificha chini ya dawati hakulitengenezi jengo. Ni kweli hakulitengenezi. Lakini mtoto aliyefanya zoezi hurudi nyumbani na kuuliza kwa nini kabati la vyombo halijafungwa ukutani, na mwalimu mkuu aliyetakiwa kupanga zoezi hulazimika kujua milango ya shule yake. Mileti alikwisha kuonyesha kwamba watu huchukua hatua wanapowaona wenzao wakichukua. Zoezi la mamilioni ni njia ya kuonana.

Hatua iliyofuata haikuwa na mfano. Mwanzoni mwa mwaka 2014 meya wa Los Angeles, Eric Garcetti, alikubaliana na Idara ya Jiolojia kwamba Jones ahamishie kazi yake katika ofisi ya meya kwa mwaka mmoja. Waliyachagua mambo machache: majengo ya zamani, maji na mawasiliano. Juu ya orodha walikuwa na deni la miaka ishirini. Tetemeko la Northridge la tarehe 17 Januari 1994, saa kumi na dakika thelathini na moja usiku, lilikuwa limeua watu 16 katika jengo moja tu la kupangisha, ambalo ghorofa yake ya chini ilibonyea na kuwafunika waliolala. Nyumba za aina hiyo zilijaa jiji zima: fremu ya mbao, vyumba juu, na chini pameachwa wazi kwa maegesho, nguzo nyembamba zikibeba kila kitu. Kila mhandisi alizijua. Kwa miongo miwili hakuna kanuni iliyowalazimisha wamiliki kuziimarisha. Ripoti ilitoka Desemba 2014, na Oktoba 2015 baraza la jiji likapitisha kanuni: majengo ya mbao yapatayo 13,500 yaimarishwe katika miaka saba, na majengo ya zege ya zamani yapatayo 1,500 katika miaka 25.

Nini kilibadilika katika mwaka ule mmoja? Jones alikuwa na jibu tayari tangu 1994. Kilichobadilika ni kwamba alikaa mahali ambapo pingamizi hufika mlangoni kabla ya kura. Wamiliki walikuja, wapangaji walikuja, wakandarasi na benki walikuja, na kila kundi likaelezwa hatari yake kwa lugha yake. Pingamizi gumu kuliko yote lilikuwa la haki: ukimlazimisha mwenye nyumba kutumia maelfu ya dola, ataihamishia gharama kwa mpangaji, na katika jiji ambalo kodi tayari inawatoa watu jasho, kanuni ya kuokoa maisha inaweza kumtupa maskini barabarani. Jiji halikulipuuza. Liliamua gharama igawanywe nusu kwa nusu, na nyongeza kwa mpangaji isizidi dola 38 kwa mwezi. Kwa familia inayohesabu kila dola, 38 si ndogo, na sioni sababu ya kujifanya kwamba suluhisho lile lilikuwa kamilifu. Ila lilikuwa uamuzi wa watu waliochaguliwa, uliofanywa hadharani, kuhusu jambo ambalo mwanasayansi hana mamlaka ya kuliamua wala hakujaribu.

Atasema msomaji kwamba haya ni ya nchi tajiri. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa Tanzania, nyumba za matofali zilianguka Bukoba na vijijini, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Ukisoma maelezo ya Long Beach ya mwaka 1933 kando ya yale ya Kagera, kuta ni zilezile: matofali yaliyopangwa bila kufungwa pembeni wala juu, paa lisiloshikana na ukuta. Na California ya 1933 haikuwa tajiri. Ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na mwezi huohuo wa Machi benki za Marekani zilikuwa zimefungwa. Mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha na milango ya darasa hauhitaji maabara. Unahitaji mhandisi wa halmashauri anayeukagua kabla paa halijapanda, na mtu wa jiolojia anayempa sababu za kuung'ang'ania mkandarasi anapotaka kuuruka.

Mfano wa Los Angeles wenyewe bado una majaribio mbele yake. Programu ya simu ya kutoa tahadhari, iliyozinduliwa na jiji mwishoni mwa mwaka 2018, ilikaa kimya Julai 2019 wakati matetemeko ya Ridgecrest ya 6.4 na 7.1 yalipotikisa taa za nyumba za jiji. Ilifanya ilivyopangiwa, kwa kuwa mtikisiko uliotarajiwa kufika mjini ulikuwa chini ya kiwango kilichowekwa. Wakazi walilalamika kwamba wangependa kujua, na kiwango kikashushwa. Hilo lilikuwa rahisi. Majengo ya zege ni magumu zaidi: kuyachunguza ni ghali, kuyaimarisha ni ghali zaidi, na miaka 25 waliyopewa wamiliki inavuka vipindi vya mameya kadhaa. Garcetti ameshaondoka ofisini, na Jones alistaafu Idara ya Jiolojia mwaka 2016. Kanuni sasa iko mikononi mwa idara ya ujenzi ya jiji, ofisi ya aina ileile iliyoagizwa na Sheria ya Riley, na wakaguzi wake wana orodha ya majengo 1,500 ya kufuatilia, anwani kwa anwani, hadi miaka ya 2040.